Bia Nambari Nne

Babu yangu alikuwa fundi wa reli hapa Nakuru. Jumamosi alasiri yeye na wenzake waliketi kuzunguka chungu kimoja cha busaa, kila mtu na mrija wake mrefu, wakanywa wakipiga soga mpaka chungu kikaisha. Sijawahi kusikia kwamba kuna siku mmoja wao alitoa mrija mdomoni, akafumba macho, akasema anapata harufu ya ganda la chungwa kwa mbali. Upuuzi huo tuliachiwa sisi wajukuu.

Sisi tuko wanne, tunapika bia majumbani, na tunajiita chama. Jeff, mwenye nyumba ya mtaa wa Section 58 tunamokutana, anauza bima na anaamini hakuna kinywaji kisichofaa kuongezewa kahawa. Gathogo analima ngano na shayiri kule Njoro, na ana mtungi wa kupikia aliouagiza ng'ambo, wenye mabomba na vipimo, ambao huutaja kila mahali, hata mazishini. Chepkemei ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya wasichana. Yeye anapikia sufuria ya kawaida ya nyumbani, na bia yake huwa nzuri bila kelele. Mimi ni Sitati. Nina duka la dawa za mifugo Njoro, nimepita miaka arobaini, sina mke, na tangu chama kianze sijashinda hata siku moja.

Hatuuzi hata tone. Kila mtu anapika kwake, anaweka kwenye chupa, anasubiri, halafu tunakutana kwenye veranda ya Jeff kuonja. Tunaonja kwa siri, bila kujua ipi ni ya nani, kisha tunapiga kura. Sheria ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mtu lazima aseme kitu juu ya kila bia, hata ikiwa ni yake, bila kujitambulisha. Ya pili ni kwamba huwezi kujipigia kura, na ukijipigia umekwisha, tafuta watu wengine wa kunywa nao. Anayeshinda hapewi kikombe wala pesa. Anachopata ni kuchagua mwenzake wa kupika naye bia inayofuata, wawili peke yao, siku nzima, kutoka kuchemsha kimea mpaka kupoza.

Gathogo akishinda humchagua Jeff, na Jeff akishinda humchagua Gathogo, kwa sababu hawana akili. Chepkemei alishinda mara moja, akamchagua Gathogo ili auone ule mtungi, na wiki hiyo yote nilimuuzia kila mteja dawa nikiwa nimenuna. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika chama hiki. Nilitaka nishinde, nisimame, niseme, "Namchagua Chepkemei," halafu nipate siku nzima ya kukaa naye karibu na sufuria, nikimpa mwiko, akinipa mwiko.

Milcah, dada yangu, aliniuliza kwa nini nisimwambie tu yule mwalimu twende tukale nyama. Ni swali zuri. Mtu anayeweza kuuliza swali kama hilo hajawahi kuwa mimi. Mimi nikitaka kumwambia mwanamke jambo, lazima kwanza nichemshe maji, nisage shayiri, ningoje wiki kadhaa, halafu nishindane na wanaume wawili.

Tatizo langu lilikuwa uchafu. Bia zangu zilikuwa zinachacha. Mara ya mwisho Jeff alionja yangu, akaitafakari, akasema ina tabia. Katika chama chetu bia ikisemwa ina tabia, ujue hakuna atakayeimaliza. Chepkemei hakuzunguka. Soksi tunayofichia chupa ilipovuliwa na yangu ikajulikana, aliniuliza mbele ya watu wote, "Sitati, chupa unaoshanga kweli?"

Niliumia sana. Nilirudi dukani siku ya pili nikasimama mbele ya rafu ya dawa za usafi kama mtu anayechagua jeneza. Tunauza dawa moja kali ya kuoshea mikebe ya maziwa, ambayo wafugaji wote wa Njoro wanaijua kwa harufu. Kipimo chake ni kifuniko kimoja kwa ndoo ya maji. Mimi nilitia viwili. Halafu nikakumbuka lile swali la Chepkemei, nikaongeza kingine. Chupa zililala humo zikatoka ziking'aa, na sikuzisuuza, maana niliona maji ya bomba yatarudisha uchafu niliokwisha kuutoa. Nilijieleza hivyo kwa sauti kabisa, jikoni, na hakukuwa na mtu wa kunibishia. Hiyo ndiyo shida ya kuishi peke yako.

Bia yenyewe niliitia asali. Asali niliinunua kwa Chepkemei, ambaye mjomba wake ana mizinga Marigat. Aliileta dukani mwenyewe kwenye mtungi wa plastiki, na kwa kuwa ana ng'ombe mmoja wa maziwa, akaondoka na chupa ya ile ile dawa ya mikebe. Nilimwambia inafaa hata kwa chupa za bia. Nilimwambia hivyo ili tu azidi kusimama pale kaunta. Akasema ataijaribu, akaaga, nami nikabaki nimeukumbatia ule mtungi wa asali mpaka mteja wa chanjo ya kuku akanikoholea.

Kabla ya kuiweka kwenye chupa nilionja bia ile kutoka kwenye pipa, na nasema ukweli, machozi yalinilengalenga. Ilikuwa laini, asali ikija mwishoni kabisa, taratibu. Nilijua nimeshinda. Nikaijaza kwenye chupa zangu zinazong'aa, nikazifunga, na sikufungua hata moja mpaka siku ya chama. Nilitaka tuionje pamoja mara ya kwanza, mimi na yeye. Mtu mwingine angefungua moja kuhakikisha.

Basi siku ikafika. Nilipiga pasi shati, jambo ambalo Jeff alilisema mlangoni kwa sauti. Lynn, mke wa Jeff, hanywi, kwa hiyo yeye ndiye huchukua chupa zetu, huzivisha soksi za mpira za mumewe ili zisitambulike, huzichanganya na kuzipa nambari. Majina yetu tunayaandika kwenye kitako cha chupa, ndani ya soksi hakuna anayeona. Lynn hufanya kazi hii kwa uso wa mtu anayelisha wagonjwa. Aliwahi kusema kwamba kama tungekuwa tunakunywa tu kama watu, angetuheshimu zaidi.

Tukaanza. Nambari moja ilikuwa angavu, baridi, imenyooka, haina kosa na haina jambo. Ilikuwa ya Gathogo, hata mtoto angejua. Nilisema ni bia iliyovaa tai. Nambari mbili ilikuwa nyeusi na ilinuka kahawa mpaka barabarani. Tulizungumza kwa adabu kuhusu mpishi wake asiyejulikana, na Jeff akaitikia kwa kichwa kana kwamba anasikia habari za mtu mwingine.

Kisha Lynn akamimina nambari tatu, na kabla glasi haijafika mdomoni nikasikia asali.

Ilikuwa ile ile. Laini, na asali ikija mwishoni, taratibu. Niliishika glasi kwa mikono miwili. Haikunijia hata kidogo kwamba mtu anayekuuzia asali anaweza kuwa na nyingine nyumbani kwake. Nilijua tu kwamba mwanangu amezaliwa na ana sura yangu. Na kwa kuwa sheria inasema lazima useme kitu hata kama ni yako, nikasema. Wengine husema maneno mawili matatu. Mimi nilisimama.

Nilianza na rangi, nikaenda kwenye povu, nikafika kwenye utu wa mpishi. Nilisema kwamba kuna bia za kukata kiu na kuna bia za kumfanya mtu akumbuke kwao. Nilisema uchungu wa maua ya hops umewekwa na mkono usio na papara. Jeff alijaribu kuingilia, nikamnyamazisha kwa kidole. Mwishowe nikamgeukia Chepkemei, nikamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Aliyepika hii ni mtu anajua kungoja," nilimwambia. "Na mtu anajua kungoja, hata kwa mambo mengine unaweza kumwamini."

Chepkemei aliinamisha macho kwenye glasi yake. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona pale, aibu kidogo na furaha kidogo, nami nikaketi nikiwa nimelowa jasho na nimeridhika na nafsi yangu kupita kiasi.

Ndipo ikaja nambari nne.

Harufu ilifika kwanza. Ilikuwa harufu ya zahanati, ya plasta mpya, ya sakafu iliyopigwa deki asubuhi kabla madaktari hawajaingia. Nikapiga hesabu. Moja ya Gathogo, mbili ya Jeff, tatu yangu. Nne ilikuwa ya Chepkemei, na aliyemuuzia ile dawa, akamwambia aoshee chupa, ni mimi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa kasoro msingi wake.

Gathogo alionja, akarudisha glasi mezani, akaisukuma mbali kwa kidole kimoja. "Haki hii ni dawa," alisema. "Ile ya kuosha mikebe ya maziwa. Sisi tunaitumia kwa shamba, naijua."

Jeff alikwenda kusukutua mdomo kwenye sinki. Aliporudi alisema bia hii inafaa kupakwa kwenye kidonda. Gathogo akasema ng'ombe wake wangekataa kukamuliwa na mtu aliyeinywa. Wakacheka, wakagonganisha viganja. Chepkemei alikuwa ameuficha uso kwa kiganja na mabega yake yalikuwa yanatikisika, nami nikaelewa kwamba analia. Alikuwa ametia bidii, ameniamini, na sasa wanaume wawili wanamcheka juu ya bidhaa ya duka langu. Nikasimama tena.

Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilisema kwamba sisi wengine ni wachafu na tumezoea uchafu, ndiyo maana usafi unatushtua. Nilisema bia hii ina uaminifu. Nilisema ukiivumilia pale mwanzoni kuna asali nyuma, ilikuwepo kweli, kwa mbali sana, kama mtu anayeita kutoka ndani ya kisima. Gathogo aliniuliza kama niko sawa. Nikainua glasi, nikainywa yote, mpaka tone la mwisho, bila kupumua. Kisha nikamnyooshea Lynn glasi tupu.

"Niongeze," nikasema.

Lynn alinitazama, akamtazama Jeff, akaniongeza. Ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Ulimi wangu ulikufa ganzi ubavuni na macho yakanitoka maji, lakini niliimaliza nikiwa nimesimama wima, nikasema asante, nikaketi. Chepkemei alikuwa ameondoa kiganja usoni. Alikuwa ananitazama, hatikisiki tena.

Tukapiga kura. Kila mmoja ana kizibo kimoja cha kuweka mbele ya chupa anayoipenda. Gathogo aliweka mbele ya tatu. Jeff naye akaweka mbele ya tatu, akisema hotuba yangu imemmaliza. Chepkemei aliweka mbele ya moja. Kwa hiyo tatu ilikuwa tayari imeshinda, na kizibo changu hakingebadili kitu, na kwa vyovyote singeweza kujipigia. Nikatazama ile nambari nne iliyosimama peke yake ndani ya soksi yake, haina hata kizibo kimoja. Nikaweka changu pale. Nilijiona mtu mkubwa sana wakati huo.

Lynn akatangaza kwamba tatu imeshinda. Nikafunga kifungo cha shati, nikasimama mara ya tatu siku hiyo, maneno yakiwa tayari mdomoni, jina lake tayari. Lynn akavua soksi, akasoma kitako cha chupa.

"Tatu ni ya Chepkemei," alisema. Kisha akavua na ile nyingine, ingawa hakuna aliyemwomba. "Nne ni ya Sitati."

Nilibaki nimesimama. Ningependa kusema nilielewa mara moja, lakini ilinichukua muda. Nilikitazama kile kitako, nikaona maandishi yangu mwenyewe. Nikakumbuka kifuniko cha kwanza, na cha pili, na kile kingine.

Jeff ndiye aliyeuliza. "Boss, umejipigia kura?"

Gathogo alikuwa amekasirika kweli, si utani. Alisema bia mbaya inasameheka, lakini mtu kuisimamia yake mwenyewe, akaitetea kwa hotuba, akaongezewa, halafu akaipigia kura, huo ni wizi wa mchana, na sheria ni sheria. Alisema nichukue chupa zangu. Jeff hakumpinga, alikuwa anatazama sakafu. Na niliona wazi kwamba nikitoka pale na kreti yangu, Jumamosi za veranda zimekwisha, na Chepkemei nitakuwa namwona kaunta tu, akija kununua chumvi ya ng'ombe. Kulikuwa na maneno machache tu ya kuniokoa, yale yale niliyoshindwa kuyasema miaka hiyo yote. Nikayasema nikimtazama Lynn, kwa sababu yeye hakuwa na ubaya na mimi.

"Sikujua ni yangu. Nilidhani nne ni ya Chepkemei."

Gathogo alinigeukia. Ana akili nzuri akiipa nafasi. "Na tatu?"

"Nilidhani ndiyo yangu."

Basi wakaelewa wote kwa pamoja. Niliwaona wakirudi nyuma kichwani: ile hotuba ya utu wa mpishi, kile kidole nilichomnyamazishia Jeff, mtu anayejua kungoja. Wakafika kwenye nambari nne, glasi ya kwanza na ya pili. Lynn ndiye aliyeanza kucheka, yeye ambaye hacheki na sisi, akalazimika kujishikilia kwenye mlango. Jeff akafuata. Gathogo akaniambia nikae, hakuna anayefukuzwa, adhabu nimeshainywa.

Sikuketi. Chepkemei hakuwa anacheka.

"Mimi nilijua ni yako tangu imiminwe," aliniambia. "Nilikuwa nacheka mpaka machozi. Hiyo dawa nilisuuza chupa zangu mara tatu, Sitati. Kila mtu husuuza."

Nilisema ndiyo.

"Lakini wewe ulidhani ni yangu. Ukainywa yote."

Nilisema ndiyo.

"Na ukaongeza."

Hapo niliitikia kwa kichwa tu, ulimi bado umekufa ganzi. Yeye alichukua glasi yake ya nambari nne ambayo hakuwa ameigusa, akainusa, akakunja uso, akanywa funda moja. Akalimeza. Akasema kwa haki yote, kama anavyofanya kwa kila bia, kwamba ni mbaya, ni mbaya sana, lakini asali nyuma ipo.

Lynn akamkumbusha kwamba yeye ndiye mshindi na bado hajachagua. Gathogo akajinyoosha kitini, tayari kuchaguliwa, maana watu wengine hawajifunzi.

"Namchagua Sitati," alisema Chepkemei. "Lakini kwanza ataosha chupa mbele yangu."

Katika chama chetu watu hupika pamoja, huonja pamoja, huazimana hata hamira. Kuosha chupa kila mtu hujioshea mwenyewe. Ni kazi ya kuchosha, ya maji baridi na mgongo kuuma, na hakuna aliyewahi kujitolea kukaa na mwenzake wakati wa kazi hiyo. Sikuwahi hata kuota kuomba hilo.

Jumamosi iliyofuata alikuja kwangu Njoro asubuhi, na gambuti zake na mtungi mwingine wa asali. Hakutaka tuwashe moto. Alivuta kigoda mpaka kwenye bomba la nje, akaketi, akaniambia nianze. Nikawa nasuuza chupa na kumpa, naye anainusa, anaiinua juani, halafu ananirudishia.

"Rudia," anasema.

Nikirudia, anainusa tena. Kreti zilikuwa mbili. Jua lilishapita juu ya paa, mikono yangu imekunjamana kwa maji, sufuria bado iko kavu jikoni, na yeye alikuwa amefika nusu ya kreti ya kwanza. Alinipa tena ile chupa niliyokuwa nimeisuuza vizuri kabisa kuliko zote, ambayo hata yeye alijua haina harufu yoyote.

"Rudia," alisema, na hakuiangalia chupa.

Nikarudia.